Gari Lako Linalala Wapi?



Ndugu zangu katika imani, leo sitazungumzia swala wala funga. Nitazungumzia anwani. Ndiyo, anwani ile unayoijaza kwenye fomu ya bima na kwenye kadi ya gari. Najua wapo watakaosema, "Shehe leo kakosa mada." Nisomeni mpaka mwisho, kisha mniambie kama hii si mada ya dini.

Swali hili naletewa sana na ndugu zetu wanaoishi Uingereza, nami ni mmoja wao. Kijana anafanya kazi London, gari analo huko huko, lakini akijaza postikodi ya London bima inampandia juu. Akijaza postikodi ya kwa wazazi wake Northampton, inashuka. Ananiuliza: "Ustadh, niandike ipi? Si zote mbili ni nyumba zetu?" Huyu ameuliza, Allah amlipe kheri. Wengi hawaulizi. Wameshaandika, na wanalala usingizi.

Mimi nami nililala usingizi. Ndiyo maana naandika.

Miaka kadhaa nyuma alinijia kijana mmoja ambaye nimemsomesha Juzuu Amma tangu meno ya mbele yamemng'oka. Alikuwa amehamia London mashariki kwa kazi, na ndiyo kwanza amenunua gari. Wazazi wake nao walikuwa London, mtaa mwingine. Akanipigia: "Ustadh, naomba nitumie anwani yako tu kwenye bima na kadi ya gari. Barua zikija utaniambia." Nikamuuliza kwa nini. Akacheka, akasema kwako ni rahisi zaidi, naokoa kama pauni 700 kwa mwaka. Nikamwambia, "Hapana neno, mwanangu."

Wallahi sikufikiri hata dakika moja. Nilijiona nimetenda wema. Mtoto wa watu yuko ugenini, mshahara mdogo, nyumba ya kupanga ghali. Kumsaidia si thawabu?

Nataka mnielewe kwa nini jambo lile halikunigusa moyoni. Sisi watu wa mwambao wa Afrika Mashariki tumekulia kwenye sanduku la posta. Sanduku moja la ofisini kwa ami lilipokea barua za ukoo mzima: matokeo ya mtihani ya huyu, barua ya mjomba kutoka Muscat, bili ya yule. Ukijaza fomu ya shule unaandika sanduku la ami, na hakuna aliyedhani kwamba unalala ofisini kwake. Anwani haikusema unaishi wapi. Ilisema barua ikupate wapi. Basi tukapanda ndege na fikra ile ile, tukaja nchi ambayo anwani ni neno lenye uzito mwingine. Huku ukiandika nyumba nambari fulani, umetoa maelezo: kwamba hapa ndipo ninapoishi, na gari langu usiku linakaa hapa. Na juu ya maelezo yako hayo mtu anapanga bei.

Miezi 8 ikapita. Siku moja kijana akanipigia, sauti imebadilika. Amegonga gari la mtu kwenye mzunguko wa barabara. Alhamdulillah hakufa mtu. Mama aliyekuwa akiendesha gari lile alivunjika mkono, na magari yote mawili yaliharibika vibaya. Nikamwombea dua, nikampa pole. Mwisho wa mazungumzo akasema neno ambalo mpaka leo linanirudia: "Ustadh, wa bima wanaweza kukupigia. Wakikuuliza, sema naishi kwako."

Walinipigia baada ya siku chache, adhuhuri. Nimetoka kuswali, niko bado kwenye mswala, tasbihi mkononi. Mwanamume mmoja mwenye adabu sana akajitambulisha, akaniuliza maswali machache kuhusu nyumba yangu. Kisha akaniuliza: "Huyu bwana anaishi hapo kwako? Gari lake huwa linalala hapo?"

Ndugu zangu, nilinyamaza. Nimefundisha miaka mingi kuhusu ukweli, na siku ile nikanyamaza. Kwenye kimya kile nilimwona mama yake kijana, nikaona harusi yake aliyokuwa akiipanga, nikaona uso wake msikitini. Na nikakumbuka hadithi niliyoisomesha mara nyingi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Bakra (r.a.): Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiwatajia masahaba madhambi makubwa kabisa, hali ameegemea. Akataja shirki, akataja kuwaasi wazazi. Alipofika kwenye kauli ya uwongo na ushahidi wa uwongo, akaacha kuegemea, akakaa sawa, akawa anairudia na kuirudia mpaka masahaba wakatamani anyamaze, kwa kumwonea huruma.

Mtume (s.a.w.) alikaa sawa kwa jambo hili. Nami niko kwenye mswala.

Nikamwambia yule mtu: "Hapana. Haishi hapa. Gari halijawahi kulala hapa."

Yaliyofuata hayakuwa matamu. Kampuni ilifuta mkataba wake, kana kwamba haukuwapo. Gari lake halikulipwa hata senti. Yule mama aliyeumia alilipwa, kwa sababu sheria ya Uingereza inamlinda asiye na kosa, lakini kampuni ikamgeukia kijana imdai ilichomlipa mama yule. Mama yake kijana akanipigia simu, akasema sentensi moja: "Ustadh, umemtupa mwanao." Akakata. Mwaka mzima hakunitolea salamu.

Nilikaa siku nyingi nikijiuliza nilikosea wapi. Jibu lilipokuja liliniuma. Kosa langu halikuwa kusema kweli siku ile. Kosa langu lilikuwa miezi 8 kabla, niliposema "hapana neno, mwanangu". Siku ile ndiyo niliyomtupa. Nilikuwa mwalimu wake, na alipokuja na uwongo mdogo mkononi mimi nikampa nyumba ya kuuweka. Kama ningemwambia "hapana" siku ile, angekasirika wiki moja, akalipa pauni zake 700, na gari lake lingekuwa na bima. Nilikwenda kwa baba yake, tukakaa, tukagawana deni. Sikufanya hisani. Nilikuwa mshirika.

Sasa, ndugu yangu Muislamu, tuzungumze kwa utaratibu. Hoja ninazoletewa ni nne, na nitazijibu moja moja.

HOJA YA KWANZA: "Bima yenyewe ni haramu, basi kuwadanganya wa bima kuna ubaya gani?"

Ni kweli wanazuoni wamezungumza sana kuhusu bima. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1985 likaamua kuwa bima ya kibiashara haifai, kwa sababu ya gharari iliyomo, na likaelekeza kwenye bima ya ushirikiano. Lakini wewe unaishi nchi ambayo sheria haikuruhusu kuingia barabarani bila bima, japo bima ndogo. Wanazuoni wengi wa zama zetu wamesema aliyelazimishwa ana udhuru katika kiasi kile alicholazimishwa. Sawa. Udhuru huo umekuruhusu kulipa bima. Haukukuruhusu kusema uwongo. Mwenye njaa ya kufa karuhusiwa kula nyamafu, hakuruhusiwa kumwibia mwenzake bakuli la kulia.

HOJA YA PILI: "Kampuni hizi zinatunyonya, na wenyewe si Waislamu."

Rudi kwenye sira. Usiku wa Hijra, Makuraishi wamepanga kumuua Mtume (s.a.w.). Watu hao hao walikuwa wameweka amana zao kwake, kwa sababu hawakumwamini mtu mwingine zaidi yake. Alifanya nini? Alimwacha Ali bin Abi Talib (r.a.) nyuma Makka, awarudishie kila mwenye amana amana yake. Hakusema "hawa ni maadui, wametunyang'anya majumba yetu, tufidie". Na imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba ametuamrisha kumrudishia amana aliyetuamini, na kutomfanyia hiana hata aliyetuhini.

Na Imam Shafi, ambaye wengi wetu wa mwambao tumelelewa katika madhehebu yake, ameeleza katika Al-Umm kwamba Muislamu akiingia nchi ya watu, hata wawe wa vita, kwa amani waliyompa, si halali kwake kuchukua chochote katika mali zao, kidogo wala kingi. Wewe umeingia kwa viza. Viza ni amani. Wamekuamini ukapita uwanja wa ndege, sasa unawaibia kwa postikodi?

HOJA YA TATU: "Si uwongo kamili. Nyumba ile ni ya wazazi wangu kweli, na barua zinafika."

Hii ndiyo hoja ya wajanja, nayo inanikumbusha yule mwuza nafaka. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaona rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani. Vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenyewe ni nini hiki. Akasema imenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini basi hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akaeleza kuwa anayeghushi hayuko pamoja naye.

Tazama. Nafaka ya juu ilikuwa kavu kweli. Mtu yule hakutamka uwongo hata neno moja. Alipanga tu kavu juu na mbichi chini. Anwani ya wazazi wako ni nafaka kavu. Gari linalolala London ni nafaka mbichi. Wewe umezipanga.

HOJA YA NNE: "Ni dhulma kumlipisha maskini zaidi kwa sababu ya mtaa anaoishi."

Hii hoja naiheshimu. Inauma kuwa dereva mwangalifu analipa zaidi kwa sababu ya ajali na wizi wa wengine wa postikodi yake. Lakini uwongo wako hauiondoi dhulma hiyo, unaihamisha. Fedha za fidia zinatoka kwenye mfuko wanaochangia wateja wote. Ukipunguza mchango wako kwa hila, pengo halijifuti. Linazibwa na jirani yako mkweli, pengine mjane wa mtaa huo huo, ambaye mwakani bei yake itapanda. Soma mwanzo wa Suratul Mutaffifin, Allah anawatishia wale ambao wakipimiwa wanataka kamili, na wakiwapimia wengine wanapunja. Wewe ukigonga unataka fidia kamili. Kulipa unataka nusu. Huko si kupunja?

Njia za halali za kupunguza zipo. Linganisha bei za kampuni mbalimbali. Nunua gari dogo lenye injini ndogo. Lipa kwa mwaka mara moja ukiweza, maana anayelipa kwa mwezi mara nyingi hulipishwa riba juu yake, na hapo kuna balaa la pili. Kubali kifaa cha kupima uendeshaji wako. Na ikishindikana, panda basi. Masahaba walitembea.

Sasa nirudi kwa aliyeuliza kwa nia njema: "Niandike ipi?" Tofautisha maswali mawili, maana ni mawili kweli.

Swali la bima ni hili: gari linalala wapi? Andika mahali ambapo gari hulala siku nyingi zaidi. Kama Jumatatu mpaka Ijumaa liko London kwa kazi na mwishoni mwa juma uko kwa wazazi, anwani ya bima ni London. Kama wewe ni mwanafunzi na gari liko nawe chuoni miezi ya masomo, waambie chuo kiko wapi na likizo unakwenda wapi. Usiamue mwenyewe moyoni. Piga simu, eleza hali yako yote, waache wao waamue, na uandike tarehe na jina la aliyekujibu. Ukweli ukishafika kwao, dhima imekutoka.

Swali la kadi ya gari, ile V5C, ni jingine: mwenye kulitunza gari anapatikana wapi? Mamlaka ya DVLA kule Swansea inataka kukupata ikiwa kuna faini, kodi au jambo la polisi. Hapa ndipo anwani inafanana kidogo na sanduku letu la posta, lakini lazima iwe yako. Kwa hiyo anwani ya kadi na ya bima zinaweza kutofautiana bila kosa, kwa mfano kijana ambaye makazi yake ya kudumu bado ni kwa wazazi na gari liko chuoni, mradi kampuni ya bima imeambiwa ukweli. Ukihama moja kwa moja, badilisha kadi, badilisha na leseni. Kubadilisha anwani ni bure. Kutobadilisha kunaweza kukupatia faini mpaka pauni 1,000. Na ujue kadi ile si hati ya umiliki. Jina lililomo ni la mtunzaji aliyesajiliwa, basi baba asidhani kwamba jina lake kwenye kadi linamfanya kuwa mwenye gari, wala dereva mkuu wa gari ambalo mwanawe ndiye analiendesha kila siku. Kumwandika baba dereva mkuu ili bei ishuke ni nafaka ile ile mbichi.

Sheria ya bima ya Uingereza ya mwaka 2012 inapima makosa haya kwa mizani inayofanana na tunayoijua. Aliyekosea kwa kutojali, kampuni inaweza kumlipa kwa kadiri ya alicholipa: kama alilipa nusu ya bei aliyostahili, apate nusu ya fidia. Aliyedanganya kwa makusudi, mkataba unaweza kufutwa wote, madai yake yote yakakataliwa. Na baada ya hapo, kila kampuni itakayomuuliza kama amewahi kufutiwa bima, ama aseme ndiyo na alipe zaidi, ama aongeze uwongo wa pili. Uwongo haukai peke yake, huleta jamaa zake.

Ndugu zangu mlioko Tanzania na Kenya msidhani mmesalimika. Huko mna gari limeuzwa mara tatu na kadi bado ina jina la mwenyewe wa kwanza, kwa sababu mnunuzi hataki gharama za kubadilisha umiliki. Faini na kesi zinamwandama mtu aliyelisahau gari zamani. Jina la mtu ni amana kama mali yake. Suratul Maida, aya ya kwanza kabisa, inatuamrisha kutimiza mikataba. Haikubagua mkataba wa ndoa na mkataba wa gari.

Na aliyekwisha kuandika anwani isiyo ya kweli afanye nini? Imam Nawawi ameeleza katika Riyadhus Salihin kwamba masharti ya toba ni matatu: uache, ujute, uazimie kutorudia. Na likiwa jambo linagusa haki ya binadamu, linaongezeka la nne: uitoe haki yake. Kwa hiyo usiishie kwenye istighfari. Kesho asubuhi piga simu, sahihisha anwani, lipa tofauti watakayokuambia. Itakuuma mfukoni. Na wewe unayeombwa anwani yako na mtoto wa rafiki, mwambie hapana, na umsaidie kwa fedha kama unaweza. Hiyo ndiyo hisani. Ile niliyoifanya mimi haikuwa hisani.

Yule kijana? Amemaliza kulipa. Mwaka jana alikuja Northampton, akaswali nyuma yangu, kisha akanishika mkono nje ya msikiti akasema, "Ustadh, nimehama nyumba. Kabla sijafungua masanduku nimewapigia wa bima." Tukacheka. Mama yake siku hizi ananisalimia, ingawa si kama zamani. Nimelikubali hilo, ni sehemu yangu ya deni.

Leo usiku kabla hujalala, chungulia dirishani ulitazame gari lako. Kisha toa karatasi ya bima uisome anwani iliyoandikwa. Ikiwa mbili hizo zinakubaliana, sema alhamdulillah. Ikiwa hazikubaliani, yuko aliyejua gari hilo linalala wapi tangu siku ya kwanza, na Yeye hahitaji kupiga simu kuuliza.

Allah atujaalie ndimi za kweli na kalamu za kweli, atusamehe tuliyoyaandika kwa pupa, na atuepushe na chumo lenye hila. Amin.

Mfikishie na mwenzako, hasa kijana aliyenunua gari la kwanza.

Wabillahi tawfiq.